Dakika Tatu za Salamu

Mama Neema, mke wangu,

Huku Saint Paul, Marekani, mimi ni mzima, ila kwa baridi masikio siyahisi tangu nishuke kwenye ndege.

Jana sisi viongozi wa misheni kutoka kila bara tulipewa dakika tatu tatu za kueleza kazi zetu. Nikapanda jukwaani na kurasa zangu nane. "Bwana Yesu asifiwe!" Kimya. Nikarudia. Ukumbi mzima ukanitabasamia kwa heshima. Wewe unanijua, siwezi kuendelea bila kuitikiwa. Mara ya tano, sauti ya mwanamke ikatoka mlango wa jikoni: "Ameeen!" Moyo ukatulia. Nikatoa salamu za askofu, za mkuu wa jimbo, za kwaya ya akina mama, na zako. Kengele ikalia. Habari za kazi yenyewe nikashuka nazo mfukoni.

Mwenye sauti ni Mkenya, Mama Brian, mpishi wa pale. Aliniletea supu huku akifuta macho kwa aproni. Alisema ni vitunguu.

"Pasta, Jumapili zote niko shifti kwa nyumba ya wazee. Tangu nikuje huku, hakuna mtu amenisalimia hivyo."

Nikamsomea kurasa zote nane jikoni, amesimama na mwiko mkononi. Kila aya aliitikia.

Askofu akiuliza, mwambie ujumbe umepokelewa. Neema mwambie theluji haina ladha, nimeionja.

Nakuombea kila asubuhi, kwa sauti. Itikia huko huko.

Baba Neema