Usukani Usiorudi Wenyewe

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana tulifundishwa kwamba hata mwenye hasira haingii kwa mtu bila hodi. U hali gani? Wifi yangu hajambo? Na yule mtoto, meno yameshatoka? Mimi mwili ni mzima. Moyo usiuulize, nitakueleza mwenyewe. Mama naye ni mzima, tena mzima kuliko unavyowatangazia watu, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa barazani saa za kazi, anashona vifungo kwenye koti lake la kazi, mabuti yake ya mpira yameoshwa na kupangwa mlangoni kama ya maonyesho. Mama yetu, daktari wa mifugo aliyekuwa anavuka mito wewe hujajua kujifuta kamasi! Nikamuuliza kulikoni. Akasema ameacha kazi, gari limemshinda. Aliingia nalo mtaroni barabara ikiwa imenyooka, nawe ukaja ukamwambia macho na mikono vimechoka, ukaondoka na ufunguo. Akaongeza kwamba wafugaji wa ng'ambo ya mto walimpigia simu, ng'ombe ameshindwa kuzaa, naye akawaambia watafute mtu mwingine. Hawakupata. Ng'ombe alikufa na ndama wake tumboni. Alinieleza haya huku anatunga uzi kwenye sindano, bila miwani.

Macho yamechoka, eti!

Nikachukua ufunguo wa akiba nyuma ya mlango wa jikoni, nikalitoa gari. Lahaula! Barabara imenyooka, lenyewe linatafuta mtaro wa kushoto. Nikilirudisha, linakimbilia wa kulia, kama mbuzi anayevutwa kamba. Nikikata kona, usukani unabaki pale pale nilipoukunja, haurudi mpaka niukokote. Mabega yaliniuma, na wewe ndiye uliyenibandika jina la Spana kwa sababu ya mikono hii.

Nikatandika gunia uani, nikaingia chini ya gari. Nilichokiona huko nilikitukana kwa sauti mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Gari umeliinua kwa springi mpya, sawa, mto unataka hivyo. Propela shafti ya mbele, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, ikakaa mshazari mno, ikaanza kunguruma, sawa, hilo humpata fundi yeyote. Ndipo ukaleta ujanja wako! Ukapachika kabari za chuma kati ya springi na akseli, ukainua pua ya difu, lile bonge la gia katikati ya akseli, iitazame propela, kelele ikaisha, ukajipigia makofi. Hukujiuliza kwamba akseli ni chuma kimoja? Ukiinua pua kule nyuma, ncha zinazoshika magurudumu nazo zinainamia mbele, na gari la namna hiyo halijui njia. Umelinyamazisha, kisha ukamkabidhi mama. Na fimbo ya stelingi, ile inayosukuma magurudumu yakate kona, umeiacha imesimama kama ngazi, kila shimo linampokonya dereva usukani.

Baba, Mungu amrehemu, alitufundisha nini? Gari ukishaliinua, lipeleke polepole kwenye kona, kisha legeza mikono. Usukani usiporudi wenyewe, hujamaliza kazi, hata kama mteja amesimama mlangoni anapiga miluzi. Tulisimama wote wawili tukisikiliza. Lakini wewe ulikuwa na haraka ya kulipiga picha gari refu uibandike kwenye geti la gereji yako mpya.

Nimelirekebisha. Kabari sikuzigeuza, maana usukani ungepona na propela ingerudi kunguruma, na kuziba shimo kwa kuchimba jingine nimekuachia wewe. Niliikata akseli kule kwenye ncha, nikazizungusha ncha peke yake ziegemee nyuma, nikapima, nikapima tena, nikachomelea. Pua ya difu nikaiacha ilipo. Mkono wa stelingi unaoshika ile fimbo nikafunga mwingine unaoshuka chini zaidi, fimbo ikalala. Kisha nikampa mama usukani.

Kwenye kona ya kwanza alilegeza mikono bila kuambiwa. Usukani ukarudi wenyewe, taratibu. Nilidhani atacheka. Akaegesha pembeni, akalia, ndipo akanieleza jambo usilolijua.

Alijua tangu siku ile uliyomkabidhi gari. Mke wa fundi miaka yote ile, ulidhani haijui kona ya baba? Aliijaribu kabla hajatoka mtaani kwako, akageuza arudi akwambie. Akakukuta umezungukwa na watu, wateja wako wa kwanza, kila mmoja anataka gari lake liinuliwe kama la daktari. Akaona akifungua mdomo pale amekufungia gereji siku ya kuifungua. Akameza. Siku ulipomwambia amezeeka, akameza hilo pia. Alisema ni heri yeye aitwe mzee kuliko mwanawe aitwe fundi wa kubahatisha. Aibu yako aliivaa yeye, ndugu yangu, na wewe ukamfunga vifungo!

Nilimkasirikia na yeye, sikufichi. Nilimwambia kwamba hayo magari mengine nayo yamebeba mama za watu. Alijifuta machozi. Kisha akasema hapo amekosea, na kwamba kosa lake hatanituma mimi kuliungama.

Kwa hiyo barua hii haiji kwa posta. Aliyekukabidhi bahasha ndiye dereva, na gari ndilo hilo nje ya geti lako. Hakuna aliyemsindikiza. Ukimaliza kusoma, funga gereji, panda kiti cha pembeni, nenda naye mpaka kona ya mwisho wa mtaa, umwangalie mikono. Ukirudi, waite wote uliowainulia magari, hata wale wanaokusifu. Waambie ukweli wewe mwenyewe, asiwaambie mama. Mimi nitakuja na mashine ya kuchomelea, tutalala chini ya hayo magari pamoja, na nitakutukana mpaka la mwisho.

Wifi msalimie sana, na mtoto umbusu kwa niaba ya shangazi yake. Na ule ufunguo uliouchukua, mrudishie mama kwa mikono miwili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyekusamehe bado,

Spana