Jina Nililoliziba kwa Tepu Nyeusi

Kaka yangu,

Nimemaliza. Nataka usikie hilo kwanza, kabla hujaanza maswali yako. Nimeogelea, nimeendesha baiskeli, nimekimbia, yote siku moja, vile ulivyokuwa ukisema tutafanya sisi wawili, na mimi nikikwambia wewe umerogwa. Sasa hivi nimekaa nyuma ya duka hapa Kitengela, miguu kwenye karai la maji ya chumvi, nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumweleza yaliyonipata huko. Wengine wangesema ni jua lililonipiga.

Sitaandika jina lako. Unajua kwetu mtu akizikwa jina lake linaachwa lipumzike naye, asije akadhani anaitwa. Tulikuwa tukicheka mambo hayo, sisi wa kusoma. Yeyo hakucheka. Mama yetu huyu huyu wa kanisa, wa kufagia madhabahu kila Jumamosi, siku ya kukuzika mchungaji alipolitaja alijifunika leso kichwani akaziba masikio mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo hakuna aliyelitamka nyumbani. Ukizungumziwa unaitwa "yule mkubwa". Na yule mtoto wa jirani, wajina wako, Yeyo humwita "wewe wa Mama Sarah". Maskini mtoto huitika tu.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuogelea? Lile bwawa la kunyweshea ng'ombe kule Isinya, wenye ng'ombe wakituangalia kama watu waliopotelewa na akili. Uliniweka mkono mmoja chini ya tumbo ukaniambia, "Lala. Acha kupigana na maji, hayajakukosea." Nikameza maji yenye ladha ya kwato, nikakutukana, ukacheka mpaka ukaniachilia nikazama. Tulipofika nyumbani tukinuka tope Yeyo alituuliza, "Watu wazima na ndevu zenu, mnaenda kuoga na vyura?" Nilikuwa na furaha siku hiyo, kaka. Sikukwambia.

Barabarani ulikaa nyuma yangu siku zote. Barabara ya Namanga, malori ya simiti yakitupita karibu yatuvue kofia, na nyuma yangu ile tik-tik-tik ya gurudumu lako ambayo hakuna fundi aliyeweza kuitoa. Nikitishika ulipaza sauti, "Usigeuke! Shika mstari wako. Mimi niko nyuma." Hiyo tik-tik ndiyo ilikuwa breki yangu na ujasiri wangu. Siku ile ulitoka peke yako kwa sababu mimi nilikuwa napokea mabati dukani, na lori likakukuta ulipopita Isinya tu.

Waandaaji wa mashindano walikuwa wazuri kwangu. Waliposikia habari zako walikubali nichukue nafasi yako, ila kila kitu kilikuwa kimeshachapishwa, kwa hiyo namba ya kuvaa ilikuja na jina lako chini yake, herufi kubwa nyeusi. Nikaiacha juu ya kochi kama mjinga. Yeyo akaingia na flaski ya chai, akaiona, akasimama.

"Hiyo haitavaliwa," akasema.

"Ni karatasi tu, Yeyo."

"Nilizaa wanaume wawili. Barabara imekula mmoja. Sasa wewe unataka kumwamsha, uende naye kifuani kwa hiyo barabara?"

Nikachukua tepu nyeusi ya umeme hapa dukani nikaliziba jina, safu juu ya safu, ikabaki namba peke yake. Nikamwonyesha. Aliiangalia kidogo akarudi jikoni. Kuja kunitazama nikimaliza Kajiado, alisema haji, ana kuku wa kulisha. Kuku gani, kaka, wale wawili?

Kwa hiyo asubuhi ya leo sikuogopa maji wala jua. Niliogopa mtu asije akalitaja jina lako na habari zikamfikia Yeyo. Tangu ulipoondoka amekuwa akishikilia mambo kwa vidole tu, na niliona wazi kwamba jambo dogo la namna hiyo lingemwangusha, nami ningebaki bila wewe na bila yeye.

Maji yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Bwawa ni lile lile la Isinya, ila sasa lilikuwa na maboya ya rangi ya machungwa na vijana wa Nairobi waliovaa nguo za mpira. Wakanipanda mgongoni, wakanipiga mateke, nikaanza kupigana na maji. Halafu, sikudanganyi, nikausikia mkono wako. Hapa, chini ya kitovu. Nikalala. Nikaogelea mpaka ukingoni bila kuwaza kitu, na nilipotoka nililia ndani ya miwani, hakuna aliyejua.

Kwenye baiskeli upepo ulikuwa wa ubavuni, ule wa kukusukuma katikati ya lami. Nilipokaribia mahali pale, unapajua, niliisikia. Tik-tik-tik. Nyuma yangu kidogo, upande wa kushoto, pale pale ulipokuwa ukikaa. Nikaambiwa na kila kiungo cha mwili wangu nigeuke. Sikugeuka, kaka. Nilishika mstari. Nikaanza kuongea na wewe kwa sauti, nikakutukana kwa nini hukunisubiri nimalize na mabati, nikakuomba ukae hapo hapo nyuma. Tulipopita ule mchongoma wenye shada la maua la plastiki tulilokuwekea, sauti ikakatika. Nilisikia upepo tu, na waya za stima. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile.

Mbio sitakusimulia sana. Vumbi la Kajiado, jua la utosini, akina mama wa sokoni wakinimwagia maji na kuniuliza nani ananifukuza. Nilitembea pale pa kukimbia, nikatambaa pale pa kutembea. Tepu ilikuwa imelegea kwa jasho na nikawa naibana kwa kiganja. Nilikuwa naibana hivyo hivyo nilipouona mwavuli wake. Ule wa kanisa, wa zambarau. Kuku walikuwa wamelishwa.

Nikabana zaidi. Na hapo ndipo nilipojua ujinga wangu, maana mtangazaji hasomi kifua cha mtu. Ana namba zake na majina yake mezani. Nilipokanyaga mstari akapaza sauti kwenye spika, Kajiado nzima ikasikia, akalitaja jina lako lote, la kanisa na la nyumbani na la baba, akasema, "Karibu nyumbani!"

Watu wakapiga makofi. Yeyo hakupiga. Mwavuli ulikuwa umeshuka chini.

Nilimwendea kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Nikainamisha kichwa mbele yake kama mtoto, nikangoja mkono wake. Ulikawia. Nilikuwa nikiangalia viatu vyake na kusema moyoni, nimemuua. Kisha mkono ukaja utosini, ukakaa.

"Mwambie alitaje tena," akasema.

"Nani, Yeyo?"

"Huyo wa spika. Enda umwambie."

Nikaenda nikichechemea. Kijana akadhani naleta malalamiko. "Pole mzee, nimelikosea?" Nikamwambia hapana, hujakosea, ila sema tena, na usiharakishe. Akasema tena. Yeyo alifumba macho, leso iko mabegani, masikio wazi. Hakuanguka, kaka. Alisimama wima mpaka spika iliponyamaza.

Njiani kurudi alizungumzia kuku wake tu. Nikadhani ndiyo basi.

Jioni hii, nikiwa kwenye karai langu, nimemsikia uani akimwita yule mtoto wa jirani aje achukue maziwa. Amemwita kwa jina. Jina lenu. Mtoto ameitika mara moja, ameruka ua, amepewa kopo lake, ameshaenda. Na Yeyo, akiwa ameligeuzia mgongo boma la jirani, akitazama upande wa barabara, ameliita tena.

Nimeshika ukingo wa karai. Nimeiacha kimya hiyo nafasi ya kuitika, maana haikuwa yangu.

Lala salama, kaka. Ukiwa nyuma yangu, kaa. Ukiwa umeshafika, basi sawa. Mimi kesho nafungua duka.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hakugeuka.