Bi Rehema Ataka Kuoshwa

Dada yangu Mwana Esha,

Nakushika miguu, dada, ingawa yenyewe iko Lamu nami niko Malindi. Hujambo? Goti lako limepoa? Na shemeji, kile kifua alichoachiwa na homa kimemtoka, au bado ahema akipanda ngazi? Mimi mwili wangu mzima, nala, nalala, alhamdulillahi. Kichwa changu ndicho nisichokielewa, na hapa sina wa kumwambia.

Ile homa ya mafua ilipotuingilia, mimi ndiye niliyekuwa nikiosha maiti wa kike mtaa mzima huu wa Shela ya hapa Malindi, maana waoshaji wenzangu walitangulia mapema mbele ya haki. Nikitoka nyumba hii naingia ile, kanga imerowa, mikono yanuka kafuri hata chakula nacho chanuka kafuri. Mhindi wa dukani akaishiwa bafta ya sanda, tukakata mashuka. Nilimwosha wifi yangu, nikamwosha na binti yake. Sikutetemeka, dada. Wallahi sikutetemeka. Watu wakasema nina moyo mgumu.

Basi homa ikaisha, na vita vya Wazungu navyo vikaisha. Watu wakarudi sokoni, harusi zikaanza. Hapo ndipo mimi nilipoanza kutetemeka. Siku moja nimeinama kwenye birika la maji chooni nitie udhu, nikatumbukiza kata ya kuchotea, ile sauti ya maji ikanikaba. Nikatoka chooni mbio, udhu sikuupata. Tangu hapo, mtu akimwaga maji ua wa pili, moyo wanienda mbio kama naitwa. Naitwa na nani? Hakuna mgonjwa. Nilipokuwa na la kuogopa sikuogopa. Sasa sina la kuogopa, naogopa. Wewe uliyenilea, niambie, hii ni nini? Mwalimu wa chuo cha Kurani amenisomea na kunipulizia. Nikapata nafuu mpaka alasiri, kisha ikarudi.

Na jirani yangu Bi Rehema, mjane wa umri wa mama yetu lau angekuwa hai, ana lake. Homa haikumgusa hata ukucha. Lakini kila asubuhi hugonga ukuta: "Amina! Njoo, leo nafa!" Nikienda namkuta kitandani, uji ameumaliza.

"Wafa kwa nini, Bi Rehema?"

"Nimepiga chafya."

Kisha hunishika mkono. "Kufa siogopi. Naogopa nife, nawe uwe umekwisha kufa, anioshe mtu asiyejua." Wakati wa homa alikuwa dirishani, akaona maiti wa kike wa mitaa mingine wakipitishwa, akasikia hawakuoshwa sawasawa. Hilo ndilo lililomkaa. Nami nitamwambiaje kwamba maji siyawezi tena?

Juzi akaja na jipya. "Nioshe sasa."

"Nikuoshe vipi, nawe u hai?"

"Ndiyo, nioshe ningali hai, niijue mikono yako. Siku yenyewe sitajua kitu."

Nikamwambia ni uchuro, nikamwambia nina kazi. Akaanza kulia, mtu mzima yule, kamasi zikimtoka. Sijui ni nini kilichoninyanyua.

Nikamkalisha kwenye kibao chooni kwake. Kata ikawa yagonga ukingo wa birika kwa kutetemeka.

"Amina, watetemeka?"

"Natetemeka."

"Tangu lini?"

"Tangu watu walipopona."

Akasema, "Haya, mwaga hivyo hivyo."

Nikaanza upande wa kuume, kama ada. Nilipofika kwapani, dada, akaruka. "Wanitekenya!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Wanawake wote wale niliowaosha, hakuna hata mmoja aliyetekenyeka. Nikakaa chini penye maji, nguo zote zikarowa, nikalia na kucheka, sijui kipi kilitangulia.

Usidhani nimepona. Jana alfajiri nilitia udhu vizuri, adhuhuri nikashindwa. Leo Bi Rehema amegonga ukuta tena, ila hakusema afa. Alisema, "Amina, maji yamepata moto, waja huji?" Nikaenda.

Katika barua yako wasema nirudi kwetu Lamu nipumzike. Natamani, dada. Kisha nafikiri, Bi Rehema akigonga, nani atamwitikia? Nikisema nibaki, nayaogopa maji ya hapa. Nimeandika "naja" nikafuta, nimeandika "siji" nikafuta, karatasi imechafuka waiona mwenyewe. Basi usimwambie nahodha wa jahazi la kunichukua lolote kwa sasa.

Nisalimie shemeji, na mjomba wetu mchonga milango, apumzishe kifua na lile vumbi la mbao. Mpwa wetu aliyejifungua mpe pole na hongera, mwanawe mbusu unyayoni kwa niaba yangu. Na shangazi mkubwa, akiuliza habari zangu, mwambie njema tu, asije akakosa usingizi.

Niandikie upesi, hata kama huna jibu.

Ni mimi mdogo wako,
Amina