Yaya, Posa ya Zaina Inakungoja Wewe

Mpendwa yaya Mwamini,

Huku Kasongo tu wazima. Nakuandikia, dada yangu mkubwa, kwa sababu binti yangu Zaina ameletewa posa na watu wa kule Wamaza, na kwetu posa haijibiwi na mama mzazi. Anayejibu ni mama mkubwa. Mama mkubwa ni wewe, na tangu matanga ya mama hujakanyaga hapa.

Najua kwa nini. Nilikuwa ubavuni pako siku ile tukichagua mchele, shangazi alipokuuliza mbele ya watu: "Uko unachunguza uzazi ya maua. Yako iko wapi?" Ulimaliza mchele, ukanawa mikono, na asubuhi ukapanda pikipiki. Shangazi mdomo wake hauna breki, hukuanza kumjua siku ile. Lakini iliniuma, na bado inaniuma.

Mimi napenda kukumbuka likizo ile nyingine, mama angali hai, tukitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba. Ulichuma jani la kivumbasi, ukatuambia lina ndugu wa mbali, maua ya salvia, na kwamba hayo ndiyo kazi yako. Ndani ya kila chembe hai, ukasema, mna vitu vidogo vinavyoipa nguvu, mitokondria, navyo vina urithi wao wenyewe. Kwenye maua mengi urithi huo hutoka kwa mama. Chavua ya baba kwa kawaida haichangii kitu. Mama akacheka, akasema heri baba yenu hasikii.

Vitabuni urithi huo ulichorwa kama duara moja. Wewe kwenye salvia uliona mengine: urithi huo unakatika, unaungana upya, mara duara moja, mara maduara kadhaa, na una hata vipande vilivyoazimwa kutoka sehemu za kijani za jani. Sisi tulikukodolea macho tu. Basi ukamvua mama shanga za shingoni, ukakata uzi, ukazitunga tena kwa mafungu mengine.

"Mama, angalia," ukamwambia. "Mupango umegeuka, lakini shanga ni zile zile."

Akakujibu kwamba umesoma mpaka unaharibu mali ya watu. Kisha akazivaa vivyo hivyo, na hakutaka kabisa zirudishwe kama zamani.

Nakustaajabia, yaya. Miaka yote hiyo unaunganisha vipande vya urithi wa ua ambalo mtaani kwetu hakuna aliyeliona, na ukikosea unabomoa na kuanza upya bila kununa. Mimi mboga ikiungua tu, nyumba nzima inajua. Na bado ulikuwa ukija unashika mchi kama sisi, hujioni.

Sasa nami nijaribu ualimu. Ulisema hata kwa watu urithi huo hupitia kwa mama. Basi alichokupa mama ndicho alichonipa mimi, nami nimempa Zaina. Nilimweleza shangazi hivyo. Akanyamaza, jambo ambalo ukoo huu haujawahi kuliona. Lakini sitaki uje kwa ajili ya mitokondria. Kabla neno hilo halijafika Kasongo, Zaina alikuwa tayari anakuita mama.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Wageni walipofika juzi na vumbi lao la njiani, wazee waliona afadhali shangazi ajibu kwa niaba yako, yaishe. Zaina akatoka chumbani bila kuitwa, jambo ambalo binti anayeposwa hafanyi, akasimama mlangoni.

"Mama yangu mukubwa bado hajafika," akawaambia. "Mimi ni mutoto wake. Mumungojee."

Wamerudi Wamaza bila jibu, yaya. Njoo uwajibu.

Mdogo wako, na mama mwenzako kwa Zaina,
Salima