Damu Yangu na Mwendo wa Bibi Kanymgul

Naryn, 12 Mei

Mdogo wangu mpenzi Burul,

Salamu nyingi zikufikie huko Talas, wewe na shemeji na wajukuu. Goti lako linaendeleaje, na yule ng'ombe mkorofi ameshazaa? Sisi huku wazima. Theluji imeyeyuka na watu wanafunga mizigo ya kupanda malishoni mlimani. Mimi sijafunga, ngoja nikueleze.

Mwezi wa tatu alikuja daktari wa mjini, Cholpon, anatafuta wanawake waliopita sitini, awapime damu na nguvu za miguu. Alieleza kwamba mwili huchakaa ndani kwa ndani, kama tufaha lililokatwa linavyogeuka rangi likiachwa wazi, na damu inaonyesha umechakaa kiasi gani. Alitaka kujua kama wenye miguu imara ndio wenye damu nzuri. Nikamwuliza damu ikishapimwa inakwenda wapi. Akasema inamwagwa. Nani amwage kitu alichokisafiria siku nzima? Sikumwamini hata kidogo. Lakini mwanangu Ulan alishasema bila majibu mazuri ya daktari sipandi mlimani mwaka huu, na wewe unajua sijakosa kiangazi hata kimoja tangu niolewe. Basi nikanyoosha mkono.

Majibu yakaja: damu mbaya. Na aliyeandika majina kwenye vichupa ni Meerim, mke wa Ulan, maana anafanya kazi zahanati. Hapo nikajua mchezo wote. Mimi nikienda malishoni, nani atamlelea mapacha wake? Majuma mawili nilimchunguza. Chai aliyonimiminia niliinusa kwanza. Tangu majira ya baridi ananitekea maji bila kuambiwa, nikasema huyu anajikosha. Mwishowe nikamwambia mbele ya mumewe, "Umenibadilishia damu, wewe binti." Alikusanya vikombe akatoka, na Ulan hakula siku ile.

Kumbe daktari naye alikuwa na mashaka yake. Kwenye kipimo cha kutembea, dakika sita kuzunguka ukumbi wa shule, wanawake kumi na wanne tulipata mita zilezile. Akaja juu, akidhani wauguzi wamepika majibu. Tulicheka mpaka machozi. Mbele alikuwa Bibi Kanymgul, miaka themanini na moja, sasa nani angempita mkubwa wake? Saltanat, unamjua mdomo wake, akamwuliza, "Daktari, wewe mama mkwe wako unampita njiani?" Akacheka mwenyewe, kisha akaamuru turudie mmoja mmoja, na damu pia.

Safari hii jina langu niliandika kwa mkono wangu, na kichupa sikukiachia mpaka daktari alipokipokea.

Burul, damu ni ileile. Na wenzangu, kila mmoja peke yake, walichanja mbuga. Mimi mzunguko wa nne nilishika ukuta. Mita zangu hazikufika hata za Bibi Kanymgul.

Nikwambie nisilomwambia mtu. Siku ile ya kwanza wenzangu walibaki nyuma ya Bibi kwa heshima. Mimi nilibaki nyuma kwa sababu sikuweza kumpita, na hata kumfuata nilifuata kwa taabu. Pumzi zinaniishia nikienda kisimani, Meerim aliliona, ndiyo maana akachukua ndoo. Nilijua, Burul. Nilijua kabla ya sindano. Nikaona heri yeye awe mwongo kuliko mimi kuwa mzee. Naona aibu kubwa.

Daktari aliniuliza nani wa nyumbani apewe karatasi ya majibu. Nikamtaja Meerim. Aliisoma, akakaa karibu yangu, nikamwomba radhi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, Ulan nimwambie mimi?" Nikamjibu kwamba nitamwambia mwenyewe, leo jioni akirudi. Ila kwanza nimekuandikia wewe, nijizoeze kulisema.

Nisalimie shemeji, wabusu wajukuu, na goti ulifunge kitambaa cha sufu. Kiangazi hiki chote nitakuwa nyumbani, ukipata nafasi njoo unione.

Ni mimi dada yako,
Sairakan