Kiti Namba Kumi na Mbili

Mesa, Arizona
Jumapili, 12 Februari

Mpendwa Kaka Onni,

Hujambo, kaka? Goti linasemaje na baridi hiyo? Mimi sijambo, nakula, nalala, na jua la huku halina adabu hata mwezi wa Februari. Mwanangu Darrell hajambo, na mkewe Rhonda pia. Wanakusalimu.

Barua yako ya mechi za wiki iliyopita ilifika Alhamisi. Utaratibu wetu sijauvunja. Darrell alitaka kunisomea matokeo kwenye simu yake, nikamwambia, "Weka hiyo simu chini. Katika ukoo huu aliyekosa mechi hungoja barua."

Akasema, "Mama, hayo ni mambo ya enzi mjomba alipokuwa jeshini."

Nikamjibu, "Ndiyo, na mjomba wako alikaa Ujerumani wiki tatu bila kujua kama timu yetu iliwafunga Marlow, na hakufa."

Sasa habari yenyewe. Nilikwenda kwa daktari wa macho. Anasema kilichoanza kwenye jicho la kushoto kimefika na la kulia. Pembeni nitaendelea kuona, lakini katikati panazidi kufutika, na kufika kiangazi patakuwa pamefutika kabisa. Maana yake, kaka, nikikutazama usoni nitaona masikio yako tu. Sijui kama nimepata hasara au faida.

Darrell ana likizo ya wiki moja, tarehe 6 hadi 12 Machi. Ameniahidi hivi: tukimaliza ligi ndani ya nne bora, mechi za mtoano zitachezwa hapo nyumbani Keel River, naye atanileta kwa ndege nizione. Tukishika nafasi ya tano zitachezwa ugenini, naye hataki nizungushwe nchi nzima ili nikatazame theluji dirishani kwako. Nimembembeleza, hakubadilika. Amerithi kichwa cha baba yake.

Kwa hiyo uonaji wangu wa mwisho wa hoki ya barafuni upo kwenye magongo ya vijana wale. Kilinde kiti changu. Nikija, nikikuuliza "Imeingia?" usinijibu "Si una macho?" kama ulivyozoea.

Mdogo wako,
Lempi

*

Keel River, Michigan
Jumapili, 26 Februari

Mpendwa Lempi,

Hujambo, mdogo wangu? Rhonda na Darrell hawajambo? Mimi sijambo, isipokuwa goti, na theluji imefika usawa wa dirisha la jikoni. Nimetoka kanisani, kahawa iko mezani, na nakuandikia kabla sijasahau hata dakika moja ya jana. Soma kwa mpangilio, usirukie mwisho.

Ijumaa tulifungwa na Marlow tatu kwa moja. Sisemi zaidi. Baada ya hapo tulikuwa na pointi thelathini na nane, wao wa nne wakiwa na thelathini na tisa, ikibaki mechi moja ya ligi, ya jana, sisi na wao tena.

Nikueleze hesabu, ingawa unaijua, kwa sababu ndiyo roho ya barua hii. Ukishinda ndani ya dakika sitini unapata pointi tatu. Mkitoka sare kila mmoja anachukua moja, kisha mnacheza dakika tano za nyongeza, watu watatu kwa watatu. Hapo bila bao, hufuata mikwaju ya mmoja mmoja, mchezaji na kipa peke yao. Anayeshinda mikwaju huongezewa pointi moja, ingawa mechi yenyewe huandikwa sare.

Nililitandika blanketi lako la kijani juu ya kiti namba kumi na mbili, kama kawaida. Mgeni mmoja alitaka kukikalia. Bruno Paquette, nyuma yetu, alimwambia, "Mama, hapo pana mtu."

"Yuko wapi?"

"Arizona. Lakini anarudi."

Marlow walipata la kwanza dakika ya nne. Tukasawazisha. Kipindi cha pili wakapata jingine, kipa wetu akiwa amezibwa na mabeki wake mwenyewe, na Bruno akasimama kumfokea mwamuzi: "We mwamuzi! Miwani yako umemwazima nani?" Mwamuzi akageuka kabisa kumtazama. Bruno akaketi akajificha nyuma ya mfuko wa pasti zake za nyama.

Kipindi cha tatu, Lempi, sijawahi kuona vijana wakijitupa vile. Yule Halvorsen mdogo alizuia shuti kwa kifundo cha mguu, akaanguka, akatambaa, akazuia la pili kwa kifua. Dakika ya mwisho tulimtoa kipa na kuweka mshambuliaji wa sita. Zilipobaki sekunde kumi na tisa, goli la upande wa ziwa, msongamano, magongo yote chini, na ikaingia. Mbili kwa mbili. Bruno alinibusu kichwani. Namsamehe.

Nyongeza haikuzaa kitu. Mikwaju ilifika mtu wa saba. Halvorsen yule yule, anachechemea, alikwenda polepole kama mtu anayetafuta funguo zake kwenye barafu, akamlaza kipa, akaweka. Tumeshinda mikwaju!

Sasa piga hesabu: sisi arobaini, wao arobaini. Tumelingana nao, na kwa kuwa mwezi wa Novemba tuliwafunga mara mbili, kwa kulinganisha mechi baina yetu sisi ndio tuko juu. Nafasi ya nne ni yetu, mdogo wangu. Mechi ya kwanza ni Ijumaa, tarehe 10 Machi, hapa nyumbani.

Mwambie Darrell akate tiketi. Nimeshafagia chumba cha juu na fundi amekuja kuangalia jiko la sauna, tuoge mvuke. Njoo.

Kaka yako,
Onni

*

Keel River
Jumanne, 28 Februari

Mpendwa Lempi,

Hujambo? Natumaini barua hii itaiwahi ile nyingine, ingawa najua haiwezi.

Nimekosea. Ile ya Jumapili niliitia posta jana asubuhi, posta ilipofunguliwa, kwa haraka yangu. Leo nimekwenda kunywa kahawa na Bruno, naye alikuwa na gazeti. Alilisukuma tu upande wangu, akaenda kujiongezea kahawa ambayo hakuihitaji.

Timu zikilingana pointi, siku hizi hawaangalii kwanza mechi zilizochezwa baina yao. Huangalia kwanza nani ana ushindi mwingi wa dakika sitini. Marlow wana kumi na moja, sisi tuna kumi. Mikwaju haihesabiwi, kwa sababu kwenye vitabu Jumamosi ni sare. Sisi ni wa tano. Mechi za mtoano zitachezwa Marlow.

Kanuni hiyo ilibadilishwa misimu miwili iliyopita. Nakumbuka vizuri nilipokueleza, tukiwa tumekaa tunangoja mashine imalize kulainisha barafu. Nilikuchorea jedwali nyuma ya bahasha. Ukaniambia, "Onni, hii haitatuhusu kamwe." Nami nikakuhubiria kwamba mtu ajue kanuni hata isiyomhusu. Miaka thelathini na sita nimefundisha hesabu watoto wa mji huu.

Nilinyanyua simu nikupigie. Niliishika mkononi muda mrefu. Kisha nikafikiri kwamba barua ya Jumapili hujaipata bado, na kama ningekupigia ungeambiwa tumekosa hata kabla hujajua kwamba tulisawazisha. Nikairudisha. Sijui kama nilifanya vizuri.

Mwombe Darrell tena. Mwambie mimi namwomba. Chumba kimefagiliwa tayari.

Kaka yako,
Onni

*

Mesa
Jumatatu, 6 Machi

Mpendwa Kaka Onni,

Hujambo, kaka? Mwandiko huu ni wa Rhonda, usishtuke. Mimi sijambo. Mistari ndiyo inayonikimbia. Namwambia aandike kama ninavyosema, na kila nikisema jambo la kumhusu anakohoa.

Barua ya kwanza ilifika Ijumaa. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Nikatoa sanduku, nikapakia soksi za sufu ambazo mtu wa huku hawezi hata kuzitazama bila kutoka jasho. Darrell alisimama mlangoni akinitazama. Nikamwambia, "Usisimame tu kama mlingoti, kata tiketi!" Akasema, "Nitakata, Mama." Alikuwa anajua. Alishaona kwenye simu yake tangu Jumapili. Hakuwa na moyo wa kunisimamisha, basi akaniacha nipakie.

Ya pili ilifika Jumamosi. Kwa hiyo nilikuwa na siku moja, kaka. Usiihuzunikie hiyo siku. Nilikula pai ya cheri.

Darrell nimemwomba tena, na salamu zako nimezifikisha. Amesema hapana, safari hii kwa upole, na upole ule ndio ulionifanya niache kuomba. Wiki hii ya likizo atanipeleka kwa watu wanaofundisha kutembea na fimbo.

Sasa nisikilize, usianze kunieleza kitu. Fomu za viti vya msimu ujao zinafungwa mwisho wa mwezi huu. Kirudishe kiti changu. Miaka hamsini na moja inatosha. Blanketi mpe Bruno, anaumwa mgongo. Wewe baki na chako.

Na jambo moja hukuniandikia. Ile ya sekunde kumi na tisa, umesema tu "ikaingia". Iliingiaje?

Mdogo wako,
Lempi

*

Keel River
Alhamisi, 23 Machi

Mpendwa Lempi,

Hujambo, mdogo wangu? Fimbo umeizoea? Rhonda, nakushukuru kwa kumsomea. Usiruke kitu hata ukiona nimeanza kueleza.

Msimu umekwisha. Kule Marlow tulifungwa nne kwa moja Ijumaa, na mbili bila Jumamosi. Halvorsen hakucheza, kifundo kilikuwa kimevunjika tangu ile siku ya sare. Alipiga mkwaju wa saba kwa mguu uliovunjika, na haukuhesabiwa.

Leo nimekwenda uwanjani na fomu. Bi. Maki wa ofisini akaniuliza, "Mzee Onni, unarudisha kipi?" Nikamwambia kumi na mbili. Akaandika kwa penseli, akasema, "Nenda kachukue blanketi kwanza, kisha uje utie sahihi."

Hakukuwa na mtu, na barafu ilikuwa bado haijayeyushwa. Goti lilikuwa limechoka na ngazi, nikaketi. Sikuketi kwangu, niliketi kwako, kwa sababu blanketi lilikuwa hapo. Nadhani katika miaka hamsini na moja sijawahi kukalia kiti hicho hata mara moja. Wewe ulikuwa unafika kwanza na kukichukua.

Lempi, kutoka hapo goli la upande wa ziwa halionekani.

Nguzo ya paa, ile yenye rangi ya kijivu, safu nne mbele. Kutoka kiti changu inasimama pembeni, inakata kona ya barafu ambako hakuna linalotokea. Kutoka kwako inafunika goli lote, mwamba hadi mwamba, kipa na wavu wake. Nilihamisha kichwa kushoto na kulia. Nilisimama. Ni upana wa kiti kimoja tu, na watoto wa darasa la nane wangeweza kuichora kwa rula. Mimi niliwafundisha.

Vipindi viwili kati ya vitatu huwa tunashambulia upande huo. Kila mara ulinishika mkono ukaniuliza, "Imeingia?" Nami nilimwambia Bruno kwamba dada yangu anapenda hoki ila haielewi. Nilikueleza kanuni za kuotea kwa njugu na vifuniko vya chupa, nawe ulinisikiliza. Na ni mara ngapi nilikujibu, "Si una macho?" Sitakuuliza kwa nini hukusema. Najua ungesema nini, kwamba goti langu lilihitaji kiti cha kwenye njia.

Nimerudi kwa Bi. Maki, nimemwambia afute. Nimerudisha kumi na moja, kiti changu. Akasema, "Lakini hicho ndicho kizuri." Nikamwambia ndiyo. Msimu ujao nitakaa kwako, na wakishambulia upande wa ziwa nitamwuliza mgeni atakayekuwa kushoto kwangu. Simjui atakuwa mtu wa namna gani. Huenda ni mtu wa kujibu, huenda siye.

Blanketi nimempa Bruno. Alilikunja, hakusema mzaha wowote. Ndivyo nilivyojua kwamba hata yeye amekata tamaa ya kukuona ukirudi.

Uliuliza iliingiaje. Rhonda, hapa msomee polepole. Shuti lilitoka kulia, chini. Lilimgonga beki wao kwenye goti, likaruka, likagonga mwamba wa kushoto. Sote tulidhani limetoka. Kisha likamgonga kipa mgongoni, likateremka taratibu nyuma ya kisigino chake, naye alikuwa bado analitafuta mbele. Lilivuka mstari kwa upana wa kidole. Niliona vizuri sana. Mimi siku zote nilikuwa naona kila kitu.

Imeingia, Lempi.

Kaka yako,
Onni