Lami Juu ya Kutu

Mjukuu wangu Mwanatumu,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Msambweni hatujambo. Goti la bibi yako limepoa, naye anakusalimu sana.

Unaniuliza kama umruhusu huyo fundi aipake lami fremu ya gari lako kuukuu la porini, ili kutu isionekane. Lami! Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mwambie aweke brashi chini! Chukua nyundo, lala chini ya gari, uigonge fremu yote. Pasipolia kama kengele, pakatwe, pachomelewe chuma kipya. Kabla ya hapo usimpakie mtu.

Ujanani niliendesha gari kama hilo, nikipeleka samaki Kinango. Nilikuwa nikilirudisha nyuma hadi baharini kupakia, kisha naliosha kwa maji ya kisima cha ufuoni, maji ambayo sisi wenyewe hatukuweza kuyanywa kwa chumvi. Na nikijiona mtunzaji! Kutu ilipotokeza, fundi mmoja akaipaka lami, ikang'aa. Wiki ya pili fremu ilikatika njiani, nami nimebeba abiria wanane. Alhamdulillahi, tulitoka wazima.

Nilimwendea yule fundi nikiwaka. Nilimwita muuaji mbele ya wateja wake. Alifuta mikono taratibu, akaniambia, "Bwana, wewe ulitaka isionekane. Je, ilionekana?"

Hasira ile ninayo mpaka leo, Mwanatumu, ila si juu yake.

Ni mimi babu yako,
Mzee Hamisi